Wakazakhi ni Wamongolia waliobadili lugha tu. Anayebisha aje na hoja

#1 Fundi Simu Deira

Wakuu, salaam.

Natengeneza simu hapa Dubai na dukani nina wenzangu wawili kutoka Kazakhstan. Mmoja ukikutana naye njiani utadhani Mchina. Wa pili ana macho ya kijani na ndevu za rangi ya kutu. Wote wawili wanaapa kuwa ni Wakazakhi kindakindaki, na kwamba Wakazakhi ni jamii ya Kituruki, yaani wanachangia asili na Waturuki wa Istanbul, Wauzbeki, Watatari na wengineo.

Nikaanza kuchimba. Yule wa kwanza kabila lake ni Naiman, wa pili ni Argyn. Sasa Naiman ni jina lililomo kwenye habari za Genghis Khan, aliwapiga mwaka 1204 huko huko Mongolia. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshawamaliza Wakerei, na leo Kerei ni kabila la Kikazakhi. Jalayir vilevile walikuwa watu wa Genghis. Konyrat ndiko alikooa mke wake mkubwa, Börte. Majina yote hayo yako Kazakhstan leo, yanatembea kwa miguu.

Dai langu ni fupi: hawa ni Wamongolia waliohamia magharibi, wakasilimu, wakaacha lugha yao wakachukua Kituruki. Uturuki wao uko mdomoni tu.

Halafu kuna hili la zhuz tatu: Kubwa, ya Kati na Ndogo. Nimeuliza kama ni kabila, jimbo au tabaka, kila mtu ananijibu lake. Mwenye nondo ashushe.

#2 Kaniki Nyeusi

Natandika mkeka. Wajuvi njooni.

#3 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi umeanza barabarani ukaishia porini. Majina ni ya kweli, ila nani kakwambia Wanaiman wa wakati ule walikuwa Wamongolia? Wanahistoria wanagombana juu yao mpaka leo. Vyeo vya watawala wao vingi ni vya Kituruki. Wengi wao walikuwa Wakristo wa Kinestori, sawa na jirani zao Wakerei. Karani wa mfalme wao, Muuyghur aitwaye Tata-tonga, alipotekwa ndiye aliyewafundisha Wamongolia kuandika. Kwa hiyo huenda unawaita Wamongolia watu ambao Wamongolia wenyewe waliwakuta ni Waturuki tayari.

Pili, jeshi la Wamongolia lililofika magharibi lilikuwa dogo kuliko umma lililoukuta. Nyika yote kuanzia mto Irtysh hadi Bahari Nyeusi ilikuwa ya Wakipchak, Waajemi wakiiita Dasht-i Kipchak. Al-Umari, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 14, ameeleza kuwa Wamongolia waliotawala huko walioana na Wakipchak mpaka wakawa kama jinsi moja. Waliotawala walimezwa na waliotawaliwa. Kikazakhi ni tawi la lugha za Kikipchak, pamoja na Kinogai, Kikarakalpak na Kitatari. Kituruki cha Istanbul ni tawi jingine, la Oghuz, kwa hiyo usidhani Mkazakhi akishuka Istanbul anaelewa kila neno.

#4 Fundi Simu Deira

Mwalimu, "wakawa kama jinsi moja" maana yake damu ya Mongolia imo. Hujanipinga, umenibebea mzigo.

#5 Mpare Mbishi

Kuwemo na kuwa ni vitu viwili. Chumvi imo kwenye mchuzi, mchuzi hauitwi chumvi.

#6 Bi Kiembesamaki

Mnaruka mwaka wenyewe. Kabla ya kuuliza damu, ulizeni lini kulipatikana watu waitwao Wakazakhi.

Katikati ya karne ya 15 nyika ile ilitawaliwa na Abulkhair Khan, na watu wake wakiitwa Wauzbeki. Masultani wawili wa uzao wa Genghis, Kerei (hapa ni jina la mtu, si kabila) na Janibek, waligombana naye wakahama na watu wao kuelekea mashariki, bonde la mto Chu, kwenye ardhi ya mtawala wa Moghulistan aliyewapokea. Mirza Muhammad Haidar Dughlat, aliyeandika Tarikh-i-Rashidi karne iliyofuata, anaweka mwanzo wao mwaka 870 wa Hijria, yaani 1465 au 1466. Watu hao waliojitenga wakaitwa Wauzbeki-Kazakhi, ndiyo kusema waliokimbia mtawala wakaishi kwa uhuru wao, na baadaye likabaki Kazakhi peke yake.

Kwa hiyo taifa hili lilianza kwa ugomvi wa siasa. Waliobaki na mjukuu wa Abulkhair, Shaybani Khan, walishuka Samarkand mwanzoni mwa karne ya 16, na hao ndio walioacha jina la Uzbeki kule. Ndugu wa kambi moja, waliogawanyika kwa sababu ya nani amfuate nani.

Na huyo Haidar mwenyewe ni wa kabila la Dughlat. Nenda Almaty leo uulize Wadulat, utaonyeshwa mtaa mzima.

#7 Kijana wa Makongo

Ongezea hapo, Bi Kiembesamaki. Mwaka 2014 Putin alisema Wakazakhi hawakuwahi kuwa na dola kabla ya Nazarbayev, rais wao wa kwanza. Mwaka uliofuata Kazakhstan ikafanya sherehe za miaka 550 ya ufalme wa Kerei na Janibek. Tarehe ikawa jibu.

#8 Mpare Mbishi

Kwa hiyo 1465 nayo tuitilie shaka, maana imebebwa na serikali.

#9 Bi Kiembesamaki

Tia shaka upendavyo, mwanangu. Haidar aliandika karne nne na nusu kabla serikali hiyo haijazaliwa.

#10 Mtoto wa Kisauni

Nijibu la zhuz, kwa sababu ndilo swali la maana na limesahaulika.

Chukua ramani. Zhuz Kubwa iko kusini mashariki, Jetisu, kati ya mito Ili, Chu na Talas. Ya Kati iko katikati, kaskazini na mashariki hadi milima ya Altai. Ndogo iko magharibi, kutoka Bahari ya Aral mpaka mto Ural na Kaspi. Ukizitazama kwa jicho la mfugaji utaona kila moja ina mzunguko wake wa malisho unaojitosheleza. Wa Kati, kwa mfano, baadhi yao walikuwa wakipeleka mifugo mto Ishim na Tobol kiangazi, baridi ikianza wanarudi kusini kuelekea Syr Darya. Ni mamia ya kilomita kila mwaka kwa farasi, ngamia na kondoo. Watu wanaotumia njia moja, visima vimoja na mahali pamoja pa kupisha theluji, lazima wawe na baraza moja la kuamua nani apite lini. Hilo baraza ndilo zhuz. Nyika ndiyo iliyowagawa.

Ukubwa na udogo hauhusu idadi wala eneo. Ni cheo cha umri, kaka na mdogo: nani aanze kuketi, nani aanze kusema. Ndogo ina ardhi kubwa kupita Kubwa.

#11 Nyanda wa Kahama

Mtoto wa Kisauni umeeleza kama mtu wa wizara ya mifugo, hongera. Lakini Wakazakhi wenyewe hawasemi hivyo. Wao wanasema kulikuwa na Alash. Katika masimulizi mengine ni khan mwenye wana watatu, kila mmoja baba wa zhuz. Katika mengine alikuwa mtoto aliyezaliwa na ngozi yenye mabaka, baba akamtupa ng'ambo ya Syr Darya, kisha wakatumwa wapanda farasi mia wamfuate, wakaongezwa mia, wakaongezwa mia tena. Mia ya kwanza iliongozwa na Uysun, ya pili Bolat, ya tatu Alshyn. Zhuz kwa lugha yao ni mia pia. Na "Alash!" ilikuwa ndiyo mwito wa vita wa Wakazakhi wote, juu ya miito ya makabila yao.

#12 Mwalimu Mstaafu

Hadithi ya wapanda farasi mia inanuka jeshi, na hapo ndipo kuna nadharia ya tatu. Wamongolia walipanga jeshi na watu kwa kumi, mia na elfu, halafu mkono wa kulia, mkono wa kushoto na katikati. Wapo wanaosema zhuz ni mabaki ya mpango huo. Wapo pia wanaosema ni mabaki ya urithi wa wana wa Genghis: eneo la Zhuz Kubwa lilikuwa la Chagatai, na mengi ya zile mbili yalikuwa ya Jochi. Mipaka hailingani kamili, lakini inakaribiana kiasi cha kukufanya usilale.

#13 Mtoto wa Kisauni

Inakaribiana kwa sababu Chagatai na Jochi nao walifuata milima na mito, Mwalimu. Turudi kwenye malisho.

#14 Kaniki Nyeusi

😂😂 Malisho yashinde.

#15 Zamani Moskva

Nimesoma Umoja wa Kisovyeti miaka ya themanini, chumba kimoja na Mkazakhi wa kutoka Semipalatinsk. Niwape nilichokiona.

Yule bwana daftari zake zote zilikuwa na vimviringo viwili vilivyochorwa pembeni, kama macho. Nikadhani ni mchezo. Kumbe ni tamga ya Argyn, alama ya kuchomea mifugo. Kila kabila lina yake: Kipchak mistari miwili ya kusimama, Kerei msalaba, Naiman kama Y. Farasi akipotea, alama pajani inasema ni wa nani bila kuuliza.

Sasa siku moja tulialikwa kwenye chumba cha wasichana, na mmoja alikuwa Mkazakhi wa Pavlodar. Rafiki yangu alikuwa amevaa shati lake la pekee la maana. Walipokaa tu hawakuulizana masomo wala sinema. Waliulizana kabila. Argyn. Wa kina nani? Tobykty, wote wawili. Basi ikaanza kazi: mmoja anataja baba, babu, baba wa babu, mwenzake anataja wa kwake, wanahesabu kwa vidole. Kwenye jina la sita yule msichana akacheka, akapiga meza, akasema "aghai", kaka. Yakaisha. Usiku mzima walikaa kama ndugu, akamkatia nyama, na shati likabaki shati.

Ndiyo zheti ata, baba saba. Mkioana lazima muwe mmetengana vizazi saba kuumeni. Mtoto mdogo hufundishwa majina hayo saba kabla hajajua kuandika, na asiyeyajua huhesabiwa kama yatima. Hao Watobykty ndio pia ukoo wa Abai, mshairi wao mkubwa.

#16 Lubumbashi Moja

Mzee Moskva, asante. Swali: akioa mtu wa zhuz nyingine anaulizwa?

#17 Zamani Moskva

Nyingine ndiyo salama zaidi, mdogo wangu. Kadiri mnavyotoka mbali ndivyo wazee wanavyopumua. Kinachobaki ni utani. Wana msemo kwamba wa Zhuz Kubwa mpe fimbo akachunge, wa Kati mpe kalamu akabishane barazani, wa Ndogo mpe mkuki akapigane. Kila upande unaamini umepewa sifa.

#18 Mtaalamu wa Maabara

Damu inatajwa tangu post ya kwanza bila kupimwa. Kazakhstan imepimwa sana kwenye kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa sababu ni nchi ambayo karibu kila mwanamume anajua kabila lake, hivyo unaweza kulinganisha masimulizi na maabara.

Mwaka 2003 watafiti walitangaza kuwa kiasi cha 8% ya wanaume kwenye eneo kubwa la Asia, kutoka Pasifiki hadi Kaspi, wanatoka kwa mwanamume mmoja, wakapendekeza ni Genghis au jamaa zake. Kwa Wakazakhi mstari huo umejaa kwa Wakerei. Argyn, kabila kubwa la Zhuz ya Kati, wengi wao wana kundi G1, ambalo ndugu zake wako upande wa Uajemi kuliko Mongolia. Alimuly na Baiuly wa Zhuz Ndogo wanakaribiana kweli kweli, kama masimulizi yao yasemavyo, na tawi lao la kundi C2 lipo pia kwa Wakalmyk, jamii ya Kimongolia iliyoko Urusi. Upande wa mama, nchi nzima ni mchanganyiko wa mashariki na magharibi, karibu nusu kwa nusu.

Fundi Simu, huyo Argyn wako mwenye macho ya kijani anaweza kuwa na babu wa kuumeni ambaye hakuwahi kuiona Mongolia. Ila macho hayatokani na kromosomu Y, usinilishe maneno.

#19 Mpare Mbishi

Ngoja ngoja. Wakerei ndio waliopigwa na Genghis mwaka 1203. Wanaojulikana kuwa wajukuu wake ni watu wa tabaka la Tore. Sasa mstari wa Genghis unafanya nini kwa maadui zake?

#20 Mtaalamu wa Maabara

Ndiyo maana watafiti wengine mwaka 2018 walisema mstari ule ni mkongwe kuliko Genghis, ulikuwa wa Wamongolia wa kawaida tu. Waliosema 2003 nao wana watetezi. Chagua kiti.

#21 Fundi Simu Deira

Hata ukiwa wa Wamongolia wa kawaida bado ni wa Wamongolia 😎 Bao langu.

#22 Bi Kiembesamaki

Bao la kuotea. Naiman wako Wauzbeki, wako Wakirgizi, wako Wakazakhi. Kipchak wako kote huko na kwa Wakarakalpak, jirani zao wa upande wa Aral. Konyrat vilevile. Jina la kabila kule ni kama bendera: kundi likiungana na kundi kubwa linaingia chini ya jina lake, wazee wanatunga babu wa kuwaunganisha, vizazi vitatu baadaye shajara ya nasaba imekamilika. Mfano ulio wazi ni Zhetiru wa Zhuz Ndogo. Ni koo saba dhaifu, Tama, Tabyn, Kerderi, Zhagalbaily, Kereit, Teleu na Ramadan, ambazo kwa masimulizi yao wenyewe ziliunganishwa na Tauke Khan ili zisionewe na koo kubwa. Leo ni kabila. Angalia humo ndani kuna Kereit, tofauti na Wakerei wa Zhuz ya Kati. Utampima nani useme ndiye Kerei wa Genghis?

#23 Baharia wa Lamu

Mmetaja Tore, basi wacha niseme la walio nje ya zhuz, maana hilo mnalipita.

Tore ni uzao wa Genghis. Khan lazima atoke kwao. Hawana zhuz, wako juu yake. Wenzao ni Kozha, wanaodai kutoka kwa Waarabu walioleta Uislamu, wengine wakipeleka nasaba mpaka kwa Imam Ali kupitia mwanawe Muhammad ibn al-Hanafiyya. Hao wawili wakiitwa mfupa mweupe, na raia wote waliobaki, awe Argyn au Dulat, mfupa mweusi. Chini yao walikuwepo Tolengit, walinzi na watumishi wa makhan, wengi wao asili yao mateka wa Kioirat, yaani Wamongolia wa magharibi.

Kozha wameshika heshima ya dini, na kituo chao ni mji wa Turkistan alikozikwa Khoja Ahmed Yasawi, aliyefariki mwaka 1166. Kaburi lile kubwa lilianza kujengwa kwa amri ya Timur mwaka 1389.

Nikisoma ya Kozha nawakumbuka Washirazi wetu. Nasaba ya ng'ambo, heshima ya dini, na mabishano yasiyokwisha kama babu alikuja kwa jahazi au alikuja kwa kalamu.

#24 Kaniki Nyeusi

Kozha hawa ndio Makhoja wa Upanga?

#25 Baharia wa Lamu

La. Jina limetoka kwa Waajemi kwa wote wawili, lakini Makhoja wa Dar, Mombasa na Zanzibar asili yao ni Gujarat na Kachchh. Ukimwendea mmoja wao ukamwambia ni Mkazakhi atakuuzia kitu kwa bei mbaya.

#26 Kijana wa Makongo

Kuna jiwe la Tamgaly karibu na Almaty, liko UNESCO tangu 2004. Makabila yote yalikutana pale yakachora tamga zao kuungana. Hilo ndilo tukio la kuanzisha taifa.

#27 Zamani Moskva

Umechanganya mawe mawili, kijana. Tamgaly ya UNESCO iko kama kilomita 170 kutoka Almaty na michoro yake mingi ni ya enzi ya shaba, wanyama, wachezaji, watu wenye vichwa vya jua. Waliochora walikufa miaka elfu mbili kabla ya Mkazakhi wa kwanza. La tamga za makabila ni Tanbaly-Tas, liko mbali huko jangwani Betpak-Dala. Majina yanafanana, mawe hayafanani.

#28 Nyanda wa Kahama

Kuna kitu kinanitatiza. Nina ramani ya kale imeandika nchi yote hiyo "nyika ya Wakirgizi". Wakazakhi hawapo kabisa. Au Kazakhi ni jina la kutungwa na Wakomunisti?

#29 Mwalimu Mstaafu

Warusi walikuwa na Cossack wao, ambao kwa Kirusi jina lao linasomeka karibu sawa na Kazakhi, maana mzizi ni mmoja. Ili wasichanganye wakawaita Wakazakhi "Kirgiz" au "Kirgiz-Kaisak", na Wakirgizi wenyewe wakawaita "Kara-Kirgiz". Hata Wabolsheviki mwaka 1920 waliunda jamhuri ya Wakirgizi wakimaanisha Wakazakhi. Jina likarekebishwa mwaka 1925. Watu walikuwa wakijiita Wakazakhi muda wote huo, ila hawakuwa wao wanaochapa ramani.

#30 Nyanda wa Kahama

Shukrani, Mwalimu. Basi na Zhuz Kubwa je? Nasoma jina lao la Uysun linatoka kwa Wusun wa vitabu vya Kichina, karne ya 2 kabla ya Kristo, walioishi Jetisu hiyo hiyo.

#31 Bi Kiembesamaki

Ni dai tamu na mahali panalingana. Wapinzani wanasema Uysun ni Hushin, kabila la zama za Wamongolia, na kwamba kati ya Wusun na Uysun kuna pengo la karne nyingi bila jina hilo kuonekana. Halafu kuna wanaokwenda nyuma zaidi hadi kwa Wasaka, wafugaji wa kale wa nyika, tangu alipofukuliwa yule Mtu wa Dhahabu, maiti ya Kisaka iliyovikwa dhahabu, pale Issyk mwaka 1969. Amewekwa mpaka juu ya mnara wa uhuru Almaty. Wasaka walizungumza lugha ya jamii ya Kiajemi, lakini mzizi wa ardhi haulazimiki kuwa mzizi wa lugha.

#32 Abu Tariq wa Maskat

Nimechelewa. Msisahau Sultan Baybars. Mkipchak, aliuzwa utumwa akiwa kijana, akafika Misri, akapigana Ain Jalut mwaka 1260 Wamongolia waliposimamishwa, akatawala Misri na Sham hadi 1277. Mwaka 1276 jeshi lake lilipanda Nubia mpaka Dongola. Wakazakhi wanasema ni wa kwao, wa kabila la Bersh la Zhuz Ndogo, wamemjengea sanamu Atyrau, na msikiti wake wa Cairo umekarabatiwa kwa mchango wa fedha zao ukafunguliwa tena 2023.

Kwa hiyo Fundi, huyo "Mmongolia" wako ndiye aliyewapiga Wamongolia.

#33 Mpare Mbishi

Baybars kafa 1277, Wakazakhi wameanza 1465 kwa hesabu ya Bi Kiembesamaki. Atakuwaje Mkazakhi?

#34 Abu Tariq wa Maskat

Kwa hesabu ya anayejenga sanamu.

#35 Fundi Simu Deira

Update. Leo wateja wachache, nimewatafsiria uzi huu wale wenzangu. Naiman kasema habari ya malisho ni ya wazungu, zhuz ni Alash na wanawe, basi. Argyn akamwambia aache utoto, baba yake mzee alikuwa mchungaji na alimwonyesha njia yenyewe ya kuhamia. Wakabishana kwa Kirusi mpaka meneja akatoka ofisini. Kuhusu kuwa Wamongolia, hapo wakaungana kunipinga mimi. Naiman kanichorea Y kwenye risiti, sawa sawa na alivyosema Mzee Moskva.

Na akaniambia jambo jingine. Watu wa kwao wako Ili, upande wa China. Babu wa babu yake alivuka mpaka na mifugo miaka ya njaa, na wao wamerudi Kazakhstan baada ya uhuru.

#36 Zamani Moskva

Hiyo ndiyo sehemu ambayo yule mwenzangu wa chumbani hakuizungumza mlango ukiwa wazi. Miaka ya 1930 hadi 1933 serikali ilichukua mifugo, ikawalazimisha wafugaji kutulia kwenye mashamba ya pamoja, nyika ikawa haina nyama wala nafaka. Walikufa kiasi cha watu milioni 1.5, takriban milioni 1.3 kati yao Wakazakhi. Mamia ya maelfu walikimbilia China, Mongolia, Uzbekistan. Hesabu ya watu ya 1959 iliwakuta Wakazakhi ni 30% tu ndani ya jamhuri yenye jina lao. Mwaka 2021 walikuwa wamefika 70%, kwa uzazi, kwa Warusi na Wajerumani kuondoka, na kwa wanaorudi, ambao tangu 1991 wamepita milioni moja.

Shajara nyingi zilichomwa au kufukiwa wakati ule. Kuwa na maandishi ya nasaba ya masultani au Kozha kulitosha kukupeleka kambini. Kwa hiyo mnapolinganisha masimulizi na maabara, jueni baadhi ya masimulizi yaliandikwa upya kutoka vichwani mwa vikongwe walionusurika.

#37 Mtaalamu wa Maabara

Umenikumbusha jambo, mzee. Waliovuka kwenda China na Mongolia wengi ni Kerei na Naiman. Mkoa wa Bayan-Ölgii, Mongolia, karibu wote ni Wakazakhi na Kerei ndio wengi. Hivyo sampuli za Kerei mara nyingi zimetoka kwa watu wa pembezoni. Soma asilimia ukijua hilo.

#38 Kijana wa Makongo

Turudi siasa kidogo. Nazarbayev ni Shapyrashty, Tokayev aliyemrithi urais ni Jalayir, Kunaev aliyeiongoza Kazakhstan enzi za Kisovyeti naye wa Zhuz Kubwa. Wote Kubwa. Halafu 1997 mji mkuu unahamishwa kutoka Almaty, nyumbani kwa Kubwa, kwenda kaskazini kwenye ardhi ya Zhuz ya Kati. Ilikuwa kuwapoza wa Kati.

#39 Mtoto wa Kisauni

Au kuwazuia Warusi wa kaskazini wasijitenge. Au kuukimbia ufa wa tetemeko ulio chini ya Almaty. Sababu iliyotangazwa ni tetemeko na nafasi ya kujenga.

#40 Kijana wa Makongo

Tetemeko lina zhuz gani 😂

#41 Lubumbashi Moja

Wakubwa, mimi nabaki na swali moja. Mumesema Wakarakalpak wako na Konyrat, wako na Kipchak, lugha yao inakaribia Kikazakhi. Kwa nini hawahesabiwi zhuz ya ine?

#42 Mwalimu Mstaafu

Mwaka 1925 waliwekwa kweli ndani ya Kazakhstan kama eneo la kujitawala. 1930 wakahamishiwa moja kwa moja chini ya Urusi, 1936 wakapelekwa Uzbekistan, na huko wako hadi leo. Lakini wao wenyewe wana mgawanyo wao wa zamani, Konyrat upande mmoja na On Tort Uru, yaani makabila kumi na manne, upande wa pili, na hawana habari na Alash.

#43 Nyanda wa Kahama

Wana habari naye. Wapo wazee wa Nogai na Karakalpak wanaomtaja Alash katika tenzi zao.

#44 Mwalimu Mstaafu

Kumtaja na kutoka kwake ni mawili, ndugu Nyanda. Fungua uzi wa Wakarakalpak nikufuate huko, huu mods wameshaanza kuuchungulia.